Fukuto na joto kavu: mwongozo kamili wa kukabiliana na joto kali

Weka mtungi wa maji kibarazani Tanga, pwani ya Tanzania, mwezi wa Februari, na mwingine kama huo chini ya mti kule Lodwar, kwenye ukavu wa kaskazini mwa Kenya. Kufika adhuhuri, maji ya mtungi wa Lodwar yatakuwa baridi ya kuburudisha koo. Ya Tanga yatakuwa vuguvugu tu, hata kama kipimajoto cha Tanga kinasoma nyuzi 32 na cha Lodwar nyuzi 37. Mtungi hupoa kwa sababu maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, hutokeza nje na kukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Mwili wa binadamu hupoa kwa njia hiyohiyo. Lita moja ya jasho likikauka lote juu ya ngozi huondoa karibu kilokalori 580 za joto. Likichuruzika na kudondoka chini kabla ya kukauka, limepotea bure: maji yametoka, chumvi imetoka, joto limebaki.

Kwa hiyo swali la kwanza si "leo nyuzi ngapi?" bali "jasho langu linakauka?" Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu msimu wa joto huchanganya fukuto la pwani, yaani joto lenye unyevu mwingi, na joto kavu la bara, na hapo watu huumia, kwa kuwa dawa ya moja mara nyingi ni sumu ya lingine.

Pima aina ya joto lako

Programu ya hali ya hewa kwenye simu hukupa nyuzi joto na asilimia ya unyevu, lakini hiyo ni hali ya kituo cha kupimia, mara nyingi uwanja wa ndege. Haijui chumba chako chenye dirisha moja. Tafuta vipimajoto viwili vya chumbani vya bei ya chini (cha kupimia homa hakifai, hakisomi kiwango cha chini). Kimoja kiache kikavu. Cha pili kizungushie ncha yake kipande cha fulana ya pamba, kiloweshe kwa maji yaliyokaa ndani ya chumba, kisha kipepee kwa dakika tatu hadi tano mpaka namba iache kushuka. Soma vyote viwili kwa wakati mmoja.

Tofauti ikiwa nyuzi 10 au zaidi, uko kwenye joto kavu. Ikiwa chini ya 5, ni fukuto. Katikati ya hapo ni mchanganyiko. Jaribu mbinu za pande zote mbili uone ipi inakupa nafuu.

Namba ya kitambaa chenye maji ndiyo yenye maana zaidi, maana inaonyesha jasho lingeweza kukupoza hadi wapi. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 15 hutoa namba ya kitambaa ya karibu 21. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa karibu 29. Ndiyo sababu mtu wa Mombasa anaweza kuchoka kuliko wa Lodwar ilhali kipimajoto chake kiko chini. Namba hiyo ikifika 28, punguza kazi nzito. Ikifika 30 au 31, hata kijana mwenye afya anayefanya kazi nyepesi huanza kushindwa kupooza mwili wake, na wazee hushindwa mapema zaidi.

Pima zaidi ya mara moja kwa siku. Muscat inaweza kupata upepo mkavu wa kutoka bara mchana ukapandisha joto kupita 45, kisha upepo wa bahari ukaingia jioni na unyevu wake: nyuzi zimeshuka, lakini mwili umezidiwa. Dodoma ya Oktoba si Dodoma ya Januari mvua zikishaanza.

Nyumba: anzia juu ya kichwa chako

Bati lililochakaa na kupiga kutu, chini ya jua la saa saba, huweza kupita nyuzi 60. Linawaka kama jiko lililogeuzwa kifudifudi, na joto hilo hukushukia hata kama hewa ya chumbani si mbaya sana. Kabla ya kununua kifaa chochote cha umeme, shughulika na paa.

Njia ya bei nafuu ni rangi nyeupe ya maji, ile ya nje inayostahimili jua na mvua. Sugua bati kwa brashi na maji ya sabuni, toa kutu iliyolegea, suuza, acha likauke kabisa. Sehemu zenye kutu zipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza. Kisha paka rangi mara mbili, asubuhi mapema au jioni. Bati likiwa la moto rangi hukauka kabla ya kushika, na baada ya miezi michache hubanduka kama magamba. Bati jipya linalong'aa halishiki rangi vizuri bila rangi maalumu ya kwanza ya mabati. Chokaa usitumie: likiwa bichi hula madini yanayolinda bati, na ukichanganya na chumvi ili lishike, umeharakisha kutu. Unapopanda, kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake kuna mbao. Kama unakinga maji ya mvua, ondoa bomba la kwenye tangi na mwaga maji ya mvua za kwanza baada ya kupaka.

Dari ndiyo hatua ya pili. Singibodi au hata mkeka uliotandazwa chini ya kenchi hukata joto linaloshuka, mradi hewa iliyo kati ya dari na bati ipate pa kutokea. Acha matundu yenye wavu kwenye ncha zote mbili za paa. Dari iliyozibwa pande zote hujaza joto mchana na kulitoa taratibu usiku kucha, na watu huishia kulaumu dari. Nyumba ya makuti haina shida hii. Makuti manene huzuia joto na hupitisha hewa, kasoro yake ni moto na wadudu.

Madirisha ndipo tofauti ya hali ya hewa inapojitokeza wazi.

Kwenye fukuto, fungua. Fungua mchana na usiku, pande mbili zinazoelekeana, na hakikisha mlango wa kati haujazuia upepo. Msimu wa kaskazi upepo hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo dirisha la upande huo ndilo la kuingizia. Kabati lililosimamishwa mbele yake liondolewe. Kivuli kiwe nje: chandarua cha makuti, mkeka wa kuning'iniza au mti. Pazia la ndani hukamata joto ambalo tayari limeshapita kioo.

Kwenye joto kavu, fanya kinyume. Fungua kila kitu usiku na alfajiri ili kuta zipoe, halafu funga madirisha na mapazia mara tu hewa ya nje inapokuwa na joto kuliko ya ndani, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Kuta nene za udongo au mawe huhifadhi ubaridi wa usiku mpaka alasiri. Kosa la kawaida ni kufungua saa nane mchana "ili upepo uingie". Unachoingiza ni pumzi ya tanuri.

Waliohamia Ulaya na Amerika ya Kaskazini wana tatizo la tatu: nyumba iliyojengwa kushika joto la majira ya baridi. Uingereza ilifikia nyuzi 40.3 tarehe 19 Julai 2022, na kijiji cha Lytton nchini Kanada nyuzi 49.6 mwaka 2021. Katika wimbi hilo la joto la Kanada, jimbo la British Columbia lilipoteza watu 619, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao, wazee, wengi wakiishi peke yao. Mtu aliyekulia Dar es Salaam hujiona ameshazoea na hupuuza. Fleti ya ghorofa ya juu isiyo na kiyoyozi huongezeka joto siku hadi siku kwa sababu usiku haupozi vya kutosha. Funika vioo kwa nje, hata kwa shuka jeupe, funga mchana, fungua usiku, na usiku wa tatu ukikuta chumba hakishuki chini ya nyuzi 28, lala kwa ndugu au nenda mahali penye ubaridi kwa saa kadhaa kila siku. Na mpigie simu mzee wenu asubuhi na jioni. "Salama tu" isitoshe, muulize amekunywa nini na chumba chake kinasoma nyuzi ngapi.

Feni, feni ya maji na kiyoyozi

Pwani, ambako hewa mara chache hupita nyuzi 35, feni ni rafiki wa saa zote. Pangaboi au feni ya kusimama huondoa tabaka la unyevu lililoganda juu ya ngozi na kulipa jasho nafasi ya kukauka. Oga, usijifute, simama mbele ya feni: hiyo peke yake hushinda mbinu nyingi za gharama. Usiku iweke feni karibu na kitanda, ikielekea kwenye chandarua, kwa kuwa chandarua hupunguza sana upepo. Kukitoa chandarua kwa sababu ya joto ni kubadilisha usingizi kwa malaria.

Hewa ikipita nyuzi 40, feni juu ya ngozi kavu hukuongezea joto badala ya kukupunguzia. Kwa wazee na wanaotumia dawa zinazopunguza jasho, tahadhari hiyo ianze mapema, kwenye 35 hivi. Kama huna kingine, lowesha ngozi na nguo kila mara, ndipo uwashe.

Feni ya maji, ile yenye tangi na pedi za kulowana, huuzwa sana Kariakoo na Mombasa kana kwamba ni kiyoyozi cha wasio na uwezo. Kwa pwani tunashauri usiinunue. Inafanya kazi kama mtungi: hupoza hewa kwa kukausha maji, na hewa ya pwani imeshajaa maji. Baada ya saa moja chumba kinakuwa na unyevu zaidi, shuka zinanata, na ukungu mweusi unaota ukutani. Dodoma, Garissa au Lodwar wakati wa ukavu, kifaa hichohicho ni cha thamani, kwa masharti mawili: dirisha la upande wa pili liwe wazi ili unyevu utoke, na pedi zisafishwe kila wiki zisiote uvundo. Asiye na umeme atundike shuka la pamba lililoloweshwa kwenye dirisha linalopokea upepo.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hutosha chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari. Kikubwa kupita kiasi si bora: hupoza haraka, hujizima, na kabla hakijakamua unyevu chumba kinakuwa baridi ya kuudhi na majimaji. Kiweke nyuzi 25 au 26 pamoja na pangaboi ya taratibu. Utapata nafuu ileile kwa umeme kidogo. Angalia mpira wa kutolea maji nje. Pwani, kama haudondoshi maji wakati kinafanya kazi, kuna tatizo. Vichujio vioshwe kila baada ya wiki mbili.

Maji na chumvi

Anayefanya kazi kwenye joto anywe glasi ya robo lita kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Isizidi takriban lita 1.4 kwa saa. Anayekunywa maji matupu kwa wingi huku akitoka jasho kwa saa nyingi huzimua chumvi ya damu yake: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni upungufu wa maji wanamwongezea mengine. Hilo limeua watu.

Mlo wa kawaida wenye chumvi hutosha wengi. Ukitoka jasho jingi kwa zaidi ya saa mbili, changanya: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kufuta, si vya kujaa. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, usijaribu kuokoa kwa sukari. Wenye presha, moyo au figo waulize daktari wao kwanza. Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, hivyo ni kinywaji kizuri kisichorudisha chumvi yote ya jasho. Kula nayo kitu cha chumvi. Chai na kahawa kwa kiasi hazina ubaya. Pombe iache mpaka mwili upoe na mkojo urudi rangi yake.

Mkojo ndio kipimo cha kila mtu. Manjano hafifu ni vizuri. Ukiwa kama chai ya rangi, acha kazi. Ukibaki hivyo baada ya kunywa na kupumzika, nenda hospitali, figo ziko hatarini.

Mtoto chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu, ila mara nyingi zaidi, na mama anywe zaidi. Usimpe maji. Usifunike kigari au kitanda chake kwa kanga nzito ili kukinga jua. Ndani yake hewa husimama na kupanda joto haraka. Harara shingoni na mapajani ni dalili kwamba jasho limezibwa: mvue, mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe kwa kupepea, acha poda na mafuta mazito.

Anayefunga Ramadhani agawanye maji kuanzia futari hadi daku badala ya kunywa yote mara moja, na kazi nzito aisogeze usiku au alfajiri. Akianza kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu, kuokoa maisha kunatangulia.

Kazini: siku za kwanza ndizo zinazoua

Mwili hujifunza joto. Ndani ya wiki moja hadi mbili huanza kutoa jasho mapema, kwa wingi, na lenye chumvi kidogo. Sehemu kubwa ya vifo vya joto kazini hutokea siku chache za kwanza, kabla somo hilo halijaingia. Kijana aliyetoka Iringa au Arusha na kushuka Doha mwezi wa Julai hana kinga yoyote kwa kuwa tu "ametoka Afrika".

Mgeni afanye asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, aongeze 20 kila siku. Mzoefu aliyerudi kutoka likizo aanze na 50, kisha 60, 80 na 100. Mazoea huanza kupungua baada ya wiki moja tu ya kukaa penye ubaridi.

Nchi za Ghuba zimepiga marufuku kazi za juani saa za mchana: Oman kuanzia Juni hadi Agosti, saa 6:30 hadi 9:30 mchana, Falme za Kiarabu kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, saa 6:30 hadi 9:00, Saudia tarehe hizohizo, saa 6:00 hadi 9:00, Qatar kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, saa 4:00 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Jua haki hiyo kabla hujapanda ndege. Jua pia kwamba saa kumi alasiri penye fukuto inaweza kuwa mbaya kama saa saba.

Popote ulipo, tumbukiza mikono hadi viwiko ndani ya ndoo ya maji baridi kwa dakika 10 kila mapumziko. Mbinu hii haitegemei jasho kukauka, hivyo inafaa pwani na bara. Maji yachotwe alfajiri na kuwekwa kivulini; ya simtanki saa nane mchana huwa ya moto. Kwenye joto kavu, nguo ndefu nyepesi iliyopwaya na kilemba kilicholoweshwa hulinda kuliko kifua wazi. Kwenye fukuto, kadiri nguo inavyokuwa nyembamba na upepo unavyopita, ndivyo bora.

Mtu akizidiwa

Aliyeishiwa nguvu ana jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inabana, lakini akili yake iko sawa. Mlaze kivulini, inua miguu, vua nguo za juu, mloweshe, mpepee, mpe kinywaji cha chumvi na sukari kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpeleke hospitali.

Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Joto la ndani limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kuathirika: anaropoka, anapepesuka kama mlevi, anakuwa mkali, anashikwa degedege au anazimia. Usingoje ngozi iwe kavu; wengi bado wanatoka jasho. Kila dakika ina bei, na kanuni ni poza kwanza, safirisha baadaye.

1. Mmoja apige simu ya dharura: 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya, 999 Qatar, 9999 Oman, 998 Falme za Kiarabu, 997 Saudia.
2. Vua nguo zote za nje.
3. Mlaze juu ya turubai. Watu wanne hadi sita wainue kingo liwe kama hodhi, mmoja ashike kichwa kibaki juu ya maji muda wote. Mimina ndoo nne za lita 20, na barafu yoyote iliyopo. Yatikise maji yapite mwilini.
4. Maji yakiwa machache, inategemea uko wapi. Penye ukavu, nyunyiza mwili mzima na pepea kwa nguvu bila kukoma. Penye fukuto kupepea hakutoshi: funika kifua, shingo, kwapa na mapaja kwa taulo zilizolowa maji baridi, na uzibadilishe kila dakika moja au mbili kabla hazijapata joto.
5. Endelea dakika 10 hadi 20, mpaka akili irudi au aanze kutetemeka kwa baridi. Ndipo umtoe na kumpeleka hospitali, hata akisema amepona.

Usimnyweshe kitu asiyejitambua. Kitaingia kwenye mapafu. Usimpe paracetamol, maana hii si homa na dawa hiyo haitashusha joto hili, tena huweza kuumiza ini lililokwisha kudhurika. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Penye malaria apimwe baada ya kupozwa. Asiachwe aendelee kuungua juani huku watu wakibishana kama ni malaria au jua.

Hospitali waelezwe mambo matatu: alianza kuchanganyikiwa saa ngapi, alipozwa kwa dakika ngapi, na anatumia dawa gani, hasa za presha zinazotoa maji na za magonjwa ya akili. Dawa hizo zisikatizwe nyumbani bila daktari. Na aliyewahi kupata kiharusi cha joto asirudishwe juani wiki hiyo wala inayofuata, hata akiomba mwenyewe kwa kuogopa kukatwa mshahara. Mwili wake hubaki mwepesi wa kuzidiwa kwa wiki kadhaa, na kurudi kwake kuanze upya kwenye ile asilimia 20, kwa ruhusa ya daktari.